Ucheshi wa Karani: Maisha ya Shaaban Robert na Fantasia ya Nchi Zisizokuwapo

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha na uandishi wa Shaaban Robert (1909–1962) kwa kufuata uzi mmoja ambao mara nyingi hufunikwa na sifa zake za ushairi na ualimu wa maadili, yaani ucheshi wake katika riwaya za kifantasia. Riwaya zinazojadiliwa ni Kusadikika, Kufikirika na Adili na Nduguze. Hoja kuu ni kwamba ucheshi huo ulitokana na kazi ya ukarani aliyoifanya serikalini kwa zaidi ya miaka 30, na kwamba nchi za kubuni zilimpa mtumishi wa serikali ya kikoloni ruhusa ya kusema ambayo katika jamii nyingi za Tanzania hupewa mtani. Ili kuipima hoja hiyo, makala inailinganisha Kusadikika na ngano ya Mrile, iliyosimuliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na inagusia kwa ufupi fantasia ya ucheshi ya Uingereza. Mwisho, makala inaonesha mipaka ya ucheshi huo na maana yake kwa utafiti wa riwaya ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi nchini Tanzania hukutana na Shaaban Robert mapema, naye humkuta amekwisha kuvikwa joho la mwalimu. Huambiwa kuwa mwandishi huyu ni baba wa fasihi andishi ya Kiswahili, kwamba alifundisha utu, subira na kazi, na kwamba wahusika wake hubeba majina ya sifa au aibu zao. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, humfanya msomaji aifungue Kusadikika kama anayeingia msikitini au kanisani, akiwa tayari kuonywa na si kucheka. Matokeo yake ni kwamba tasnifu nyingi huorodhesha mafunzo ya kimaadili ya riwaya hizi na kuacha swali la msingi: kwa nini mtu aliyetaka kuonya alijenga nchi inayoelea angani, akamweka mbele ya jini gavana anayewachapa nyani kila usiku, na akawajaza waganga katika jumba la mfalme asiye na mtoto?

Katika makala hii, fantasia ina maana ya masimulizi yaliyojengwa juu ya jambo lisilowezekana katika ulimwengu tunaoujua, lakini ambalo ndani ya hadithi lina kanuni zake na hufuatwa kwa uaminifu. Ucheshi unachukuliwa kwa upana wake. Si lazima uvunje mbavu. Unaweza kuwa kinaya, kejeli, au tashtiti inayomfanya msomaji atabasamu kwanza na kushtuka baadaye.

Dhana ya tatu ni utani. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani wana ruhusa ya kuambiana maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Mpare huweza kumkejeli Mchagga kwa kupenda fedha, naye Mchagga akamrudishia kwa kupenda kesi, na hakuna anayekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Hata msibani mtani huweza kuitania maiti na kudai kitu kwa wafiwa, na kicheko chake kikawa sehemu ya faraja. Utani basi ni zaidi ya mzaha. Ni mpango wa kijamii unaoruhusu ukweli mkali usemwe bila kuvunja uhusiano. Baina ya serikali ya kikoloni na karani wake Mwafrika mpango wa namna hiyo haukuwapo. Makala hii inadai kwamba Shaaban Robert aliubuni kwa kalamu.

2.0 Maisha ya karani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na mji wa Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akafaulu akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Elimu yake ya shule ilikomea hapo. Mengine yote, yakiwamo maarifa yake ya ushairi wa pwani na kusoma kwake vitabu vya Kiingereza, aliyapata kwa juhudi zake mwenyewe.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika Idara ya Forodha, akaitumikia hadi mwaka 1944, kwa sehemu kubwa akiwa Pangani. Kutoka mwaka 1944 hadi 1946 alikuwa katika idara iliyoshughulikia wanyama. Kisha alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya utawala wa jimbo hadi mwaka 1952, na kutoka hapo akahamia Idara ya Upimaji wa Ardhi hadi mwaka 1960. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika.

Miaka hiyo kwa kawaida hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni gharama aliyoilipa ili apate muda wa kuandika. Yafaa itazamwe upya. Forodhani karani huhesabu mizigo, hutoza ushuru na kuandika upungufu. Katika idara ya wanyama huandika habari za viumbe wasioweza kujieleza. Katika ofisi ya jimbo hupokea malalamiko, hunakili barua za wakubwa na kuzihifadhi. Katika upimaji hushughulika na mipaka, ramani na majina ya mahali. Karani huiona serikali kwa namna ambayo mkubwa wake haioni: huona amri ikitoka, huona taarifa ikirudi, na mara nyingi huona taarifa hiyo ikifungiwa kabatini bila kusomwa. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka zaidi ya 30 hahitaji kwenda mbali kutafuta kichekesho.

Nafasi hiyo ilikuwa na hatari yake. Mwafrika katika utumishi wa serikali alikuwa na mshahara, heshima ya kadiri, na mdomo uliofungwa. Mwaka 1953 serikali ya Tanganyika iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na kwa karani mwenye familia kubwa, kupoteza kazi ulikuwa msiba. Serikali hiyohiyo ilimheshimu: alipewa nishani ya MBE, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alikuwa hivyo mtu wa ndani na mtu wa nje kwa wakati mmoja, na hali hiyo ndiyo ya mtani.

3.0 Uandishi wa aina nyingi

Kabla ya kuzijadili riwaya, ni vema kuonesha upana wa kazi zake, kwa sababu ucheshi wa kifantasia ulikuwa chombo kimoja katika ghala lenye vyombo vingi. Katika miaka ya 1930 mashairi yake yalisomwa katika gazeti la Mambo Leo. Pambo la Lugha, diwani yake ya mwanzo, ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Katika tenzi alijaribu mambo makubwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, unasimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945 kwa umbo ambalo kwa karne nyingi lilibeba vita vya dini na visa vya mashujaa. Mwaka 1952 ulitoka Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya rubai za mshairi wa Uajemi. Aliandika pia insha, na katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini aliacha mojawapo ya tawasifu za mapema za Kiswahili.

Kazi mbili nyingine zinahusiana na mada yetu kwa karibu zaidi. Ya kwanza ni Wasifu wa Siti Binti Saad, ulioonekana mwaka 1958. Siti, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alijulikana kwa nyimbo zilizotoboa maovu ya mji bila kutoa hotuba. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mauaji ambayo mtuhumiwa alitoroka, na adhabu ikawaangukia waliokwenda kutoa ushahidi. Mwandishi aliyevutiwa na maisha ya msanii huyo alikuwa anajua kwamba mahakama inaweza kuumbuliwa kwa sanaa, na kwamba kuadhibiwa kwa msema kweli ni jambo chungu lenye uchekeshaji wa ajabu ndani yake.

Ya pili ni barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, naye akiwa mwandishi. Zimekusanywa katika kitabu cha Barua za Shaaban Robert, kinachohusu miaka ya 1931 hadi 1958. Humo tunamwona mtu wa fedha chache na mipango mingi, anayehangaikia watoto, uhamisho na miswada. Miswada hiyo ilimtesa. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, zote baada ya kifo chake. Sehemu kubwa ya sifa tunazompa leo hakuishi kuziona.

4.0 Fantasia tatu

4.1 Kusadikika: nchi isiyosadiki

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na kampuni ya Thomas Nelson. Ni habari ya nchi iliyo angani. Karama, kijana wa nchi hiyo, anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Katika kujitetea haelezi habari zake mwenyewe. Anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa na nchi hiyo: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja aliondoka kwa fahari, akapata taabu, akajifunza mambo ambayo yangeifaa nchi yake, akarudi kutoa taarifa, na akatiwa gerezani.

Wahakiki wameieleza riwaya hii kuwa fumbo kuhusu utawala wa kikoloni, na hakuna sababu ya kuwapinga. Kinachostahili kuongezwa ni namna fumbo hilo linavyofanya kazi. Kichekesho cha kwanza kiko katika jina lenyewe. Nchi iliyopewa jina kutokana na kitenzi kusadiki haisadiki taarifa za watu iliowatuma yenyewe. Inasadiki uvumi, inasadiki vyeo, inasadiki maneno ya Majivuno. Lakini mtu aliyekwenda na kuona hasadikiwi. Hata kuwapo kwa nchi hiyo kunategemea imani ya msomaji: wenyeji wake wasiosadiki wanasimama juu ya ardhi ambayo ipo kwa kuwa sisi tumesadiki.

Kichekesho cha pili ni takriri. Mjumbe mmoja kufungwa ni dhuluma. Wa pili anatia huzuni. Afikapo wa nne, msomaji amekwisha kuijua kanuni na anaanza kuingojea kama anavyongojea kibwagizo, na hapo dhuluma inageuka kuwa tabia ya mashine. Serikali ya Kusadikika haiwafungi wajumbe kwa hasira. Inawafunga kwa mazoea, kama ofisi inavyopiga muhuri. Mtu aliyenakili majibu yaleyale kwa malalamiko tofauti kwa miaka mingi ndiye anayeweza kuiona takriri hiyo na kujua kwamba inachekesha.

Kichekesho cha tatu kinahusu mahakama. Karama hana wakili, kwa kuwa kosa lake ni kutaka mawakili wawepo. Badala yake analifungua kabati la nchi na kuwasomea waheshimiwa kumbukumbu zao wenyewe. Waliokuja kumhukumu wanalazimika kusikiliza, siku baada ya siku, taarifa ambazo hawakutaka kuzisikiliza zilipoletwa mara ya kwanza. Mwishowe Karama anaachiliwa na wafungwa wanafunguliwa. Ushindi huo haukuletwa na upanga wala jini. Umeletwa na karani aliyehakikisha kwamba faili limesomwa.

4.2 Kufikirika: nchi iliyosahau kufikiri

Kufikirika inarudia mchezo uleule wa jina. Mfalme wa nchi hiyo ana kila kitu isipokuwa mtoto, na ili ampate, anafungua hazina kwa waganga. Wanakuja kwa makundi, wa mitishamba, wa hirizi, wa makafara na wa mashetani, kila kundi likiwa na uhakika wake, na kila kundi likiondoka bila matokeo. Nchi yenye jina la fikra inatumia mali yake yote ili isilazimike kufikiri.

Ucheshi wa sehemu hii unatokana na utaratibu. Waganga hawavamii ikulu ovyo. Wanaingia kwa zamu, kwa idara zao, kama maofisa waliopewa kasma na muda. Shaaban Robert haidhihaki imani ya mwanakijiji aliyefiwa au mwenye mgonjwa. Anachokidhihaki ni dola inayougeuza uganga kuwa mradi wa serikali, ikabadili wataalamu bila kubadili swali. Msomaji wa leo aliyewahi kuona mpango mmoja ukishindwa na kupewa jina jipya hahitaji maelezo zaidi.

Baadaye mtoto anapatikana, anaugua, na dawa inayotajwa inahitaji kafara ya watu wawili: mwerevu na mjinga. Hapa fantasia inafikia upeo wa kinaya. Serikali yenye nguvu zote inalazimika kuamua nani mwerevu na nani mjinga, tena ili wote wawili wauawe. Akili na ujinga vinalipwa mshahara mmoja. Naye mwerevu wa kweli anatuonesha kwamba swali la nani mjinga huenda lisimhusu aliyefungwa kamba, bali aliyetoa amri. Katika riwaya hiyo tunamkuta pia Utubusara Ujingahasara, mwenye jina refu kama tangazo la serikali, ambalo huwezi kulitamka kwa sauti darasani bila mtu kutabasamu.

4.3 Adili na Nduguze: mtumishi wa mabwana wawili

Adili na Nduguze ilitoka mwaka 1952. Chanzo chake kinajulikana: ni kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake katika Alfu Lela u Lela, ambacho Shaaban Robert amekihamisha na kukipa majina, mandhari na tabia mpya. Mbwa wa kisa cha Kiarabu wamekuwa nyani, naye khalifa amekuwa mfalme Rai wa Ughaibu, mtawala anayewapenda wanyama.

Mambo yanaanza kama yanavyoanza ofisini. Kodi ya Janibu haijafika, na ofisa aitwaye Ikibali anatumwa kuifuatilia. Akiwa huko anagundua kwamba Adili, liwali mwenye sifa njema, huwachapa nyani wawili kila usiku, kisha huwatunza kwa upendo. Nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya kutaka kumuua. Adili hawachapi kwa kupenda. Asipofanya hivyo, adhabu ya jini itamgeukia yeye.

Hapa ndipo mabadiliko ya mwandishi yanapoonesha shabaha yake. Kwa kumfanya mfalme awe mpenzi wa wanyama, amemweka Adili baina ya amri mbili zisizopatana. Akitii jini, amemkosea mfalme; akimtii mfalme, amemkosea jini. Kila mtumishi wa ngazi ya kati anaijua hali hiyo, na hasa mtumishi Mwafrika wa serikali ya kikoloni, aliyetumikia sheria ya ofisi mchana na sheria ya ukoo usiku. Suluhu nayo ni ya kikarani kabisa: mfalme Rai anamwandikia Huria barua. Ajabu zote za majini, miji ya mawe na watu waliogeuka wanyama zinamalizwa kwa karatasi iliyoandikwa kwa adabu na kupelekwa kwa anayehusika. Kichekesho hicho ni cha upole, lakini kina imani ndani yake, kwamba hata jini husikia likiandikiwa vizuri.

5.0 Ulinganishi

5.1 Mrile na wajumbe sita

Inaweza kudhaniwa kwamba fantasia ya nchi ya angani ilitoka vitabuni tu. Katika miaka ya 1920 na 1930 wasomaji wa Kiswahili walipata Alfu Lela u Lela, Hekaya za Abunuwas na Safari za Gulliver, na mtu msomaji kama Shaaban Robert hangekosa kuvijua vitabu vya namna hiyo. Hata hivyo, safari ya kwenda juu angani na kurudi na maarifa ilikuwapo katika masimulizi ya Waafrika wenyewe. Mfano ulio wazi unatoka katika nchi za umangi za mlima Kilimanjaro, eneo la Moshi na jirani zake kama Uru. Ngano ya Mrile iliandikwa na mmisionari Johannes Raum katika kitabu chake cha sarufi ya Kichagga, lahaja ya Moshi, kilichochapishwa mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert.

Mrile aliona mbegu ya gimbi nzuri kama mtoto mchanga, akaificha katika mti wenye uwazi, ikawa mtoto kweli, naye akamlisha kwa siri. Mama yake alipogundua alimuua mtoto huyo. Mrile alilia, akaketi kwenye kiti cha baba yake, na kiti kikapanda naye hadi angani. Huko alifika kwa watu wa Mwezini waliokula chakula kibichi kwa kuwa hawakuujua moto. Aliwafundisha kuupekecha, nao wakamtajirisha kwa mifugo. Aliporudi nyumbani, fahali alikubali kumbeba kwa sharti kwamba nyama yake isiliwe na Mrile. Mama alitia mafuta ya fahali huyo katika chakula cha mwanawe bila kumwambia, na Mrile akadidimia ardhini.

Ulinganisho huu haudai kwamba Shaaban Robert aliijua ngano hiyo. Unaonesha jinsi alivyoupindua muundo unaofahamika. Mrile anapeleka maarifa ugenini na analipwa. Wajumbe wa Kusadikika wanaleta maarifa nyumbani na wanafungwa. Watu wa Mwezini hawakuwa na moto, lakini walikuwa tayari kuukubali. Watu wa Kusadikika hawakuwa na sheria, wakamshtaki aliyetaka kuwapa. Mambo mawili yanabaki sawa: katika masimulizi yote mawili hatari kubwa iko nyumbani, na anayejua jambo huangamizwa na watu wake wala si wageni. Tofauti ni kwamba ngano inaishia katika msiba, ilhali riwaya inaufanya msiba huo utokee mara sita, hadi uwe kichekesho, kisha inauzuia usitokee mara ya saba. Msomaji aliyelelewa kwa ngano za mlimani ana kipimo chake mwenyewe cha kuupima ucheshi huo.

5.2 Mfano kutoka Uingereza

Uhusiano wa ofisi na fantasia ya ucheshi haupatikani Afrika Mashariki peke yake. Terry Pratchett (1948–2015), mwandishi wa Uingereza, alianza kama mwanahabari wa magazeti madogo, kisha akawa msemaji wa shirika la umeme lililokuwa na mitambo ya nyuklia, kabla ya kuishi kwa kalamu yake. Riwaya zake za Discworld, zilizoanza kutoka mwaka 1983, zinahusu dunia bapa inayobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe anayeogelea angani. Humo kuna wachawi wenye vikao vya chuo kikuu, wezi wenye chama kinachotoa risiti, na kifo kinachofanya kazi kwa ratiba. Waandishi hawa wawili hawakujuana, na tofauti zao ni kubwa: Pratchett alikuwa raia huru aliyekejeli taasisi za nchi yake kwa sauti kubwa, naye Shaaban Robert alikuwa mtawaliwa aliyelazimika kunong'ona. Wanachofanana ni kujua kwamba jambo la ajabu huchekesha zaidi linapoendeshwa kiofisi.

6.0 Pingamizi na mipaka

Pingamizi la kwanza ni kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa. Jina Majivuno limekwisha kutuambia yote kabla hajafungua kinywa. Kwa kipimo cha riwaya ya kihalisia, pingamizi hilo ni sahihi. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu ya umahiri juu ya riwaya za Shaaban Robert mwaka 1976, alikwenda kuunda wahusika wa namna nyingine kabisa. Lakini katika tashtiti, jina la wazi ni sehemu ya mzaha. Raia wa Kusadikika wanaishi na waziri aitwaye Majivuno na hawashangai. Sisi tunaoshangaa tunajiuliza ni vyeo vingapi katika dunia yetu vinavyotangaza aibu zake waziwazi bila mtu kushtuka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ucheshi huu hukoma mapema. Hotuba huongezeka, mfalme hutubu, wafungwa hufunguliwa, na mamlaka yaleyale yaliyodhihakiwa hubaki mahali pake, yakiwa yamesafishwa. Katika Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, ambako hakuna nchi ya kifantasia, mhubiri humzidi mcheshi kwa mbali. Hili haliwezi kukanushwa. Linaweza tu kuelezwa kwa kurejea dhana ya utani: mtani hana lengo la kubomoa nyumba ya mtani wake. Husema alichosema, hupewa chakula, na uhusiano huendelea. Ruhusa aliyojipatia Shaaban Robert ilikuwa na bei, nayo ilikuwa kuupatanisha mwisho. Waandishi waliomfuata baada ya Uhuru, ambao hawakukubali kulipa bei hiyo, waliandika riwaya chungu zaidi, na baadhi yao wakapoteza kicheko.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ucheshi wa Shaaban Robert unapatikana katika kiini cha fantasia zake. Kodi iliyochelewa, taarifa isiyosomwa, wataalamu wanaoingia kwa zamu, amri mbili zinazopingana na barua inayomaliza shauri ni mambo ya ofisi yaliyopandishwa angani ili yaonekane. Kwa njia hiyo karani asiyeruhusiwa kuingia katika siasa aliichambua dola aliyoitumikia, na dola hiyo ikamvika nishani.

Kwa watafiti, matokeo haya yana maana mbili. Kwanza, uhakiki wa riwaya hizi usiishie katika kuorodhesha maadili. Uchunguze takriri, majina na kinaya kama mbinu zinazozalisha maana, kwa sababu onyo la Kusadikika linapoondolewa kicheko chake hubaki methali ambayo kila mtu aliijua tayari. Pili, fantasia ya Kiswahili isipimwe kwa vitabu vya Ulaya na Uarabuni pekee. Ngano kama ya Mrile, ambazo bado zinakumbukwa na wazee katika vijiji vya mlimani, ni sehemu ya kipimo hicho. Kuzikusanya kwa lahaja zake, ikiwamo ya Uru, na kuzisoma sambamba na riwaya andishi ni kazi inayofaa kutangulizwa, kwa kuwa riwaya zitaendelea kuwapo maktabani, lakini wasimulizi hawatangoja.